Uliza Fundi wa Boti: "Chatiplota inanichora juu ya mwamba na mi naelea"

Mwezi huu chatiplota, yaani zile skrini za GPS zinazokuchora ulipo juu ya ramani ya bahari, zimezipiku injini kwa maswali. Mashine za mtumba zimekuwa nyingi, mtu ananunua skrini haina hata kitabu chake, anaifunga mwenyewe, halafu anaanza kuuliza akiwa tayari yuko baharini. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine mistari michache inatosha.

Salaam alaykum fundi. Nina faiba ya futi 28, natembeza wageni Nungwi na Mnemba. Nimenunua chatiplota ya mtumba ya inchi 7, ramani imo ndani. Shida ni kwamba nikitia nanga kwenye maji ya kutosha yenyewe inanichora niko juu ya mwamba, na nikirudi tunapoegesha napanda nchi kavu kabisa. Jamaa mmoja kaniambia satelaiti zake zimeshakufa. Niitupe? – Nahodha, Nungwi

Wa alaykum salaam nahodha. Usiitupe, na huyo jamaa usimpe bisibisi.

Kwenye hiyo skrini kuna vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichukulia kama kimoja. Kile kialama cha boti kinatoka kwa satelaiti, na hicho kwa kawaida ni cha kuaminika, maana tangu Mei 2000 Wamarekani walipoondoa lile kosa la makusudi walilokuwa wanaliweka kwenye GPS, mashine ya kawaida yenye anga wazi inakosea mita chache tu, mara nyingi chini ya 10. Kitu cha pili ni ramani yenyewe, na ramani imechorwa na watu, wengine walishafariki zamani sana. Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alipita pwani zetu hizi kati ya 1822 na 1826 akipima kina kwa bildi, yaani risasi kwenye kamba, unashusha, unasoma kina kwa pima (pima moja ni karibu mita 1.8), unaandika. Wakaja wengine baada yake na vyombo bora zaidi, na njia za kuingilia bandari kubwa zimepimwa upya kwa mitambo ya kisasa, ila pembeni huko kwenye miamba ambako meli kubwa haina biashara, usishangae kama kilichomo kwenye skrini yako ya rangi kina asili ya kazi ya bildi. Na bildi inagusa nukta moja. Kati ya nukta na nukta, mchoraji amekadiria.

Sasa kabla hujailaumu ramani fanya kipimo kidogo. Funga boti sehemu unayoijua vizuri, washa mashine iache dakika kumi, andika latitudo na longitudo inazosoma, halafu chukua simu yako usome namba za simu hapo hapo, hakikisha zote ziko kwenye mtindo mmoja (hilo la mitindo nalieleza kwenye swali linalofuata). Zikilingana basi mashine ni nzima, ramani ndiyo imekaa vibaya. Zikipishana mita mia kadhaa, ingia setingi utafute kipengele cha datamu (msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake), kinatakiwa kiwe WGS 84, ndio unaotumiwa na GPS. Mashine ya mtumba unaweza kukuta mwenye nayo wa kwanza aliweka kitu kingine ili ilingane na ramani yake ya karatasi. Kwetu Kenya na Tanzania ramani nyingi za zamani za nchi kavu zilitumia datamu inayoitwa Arc 1960, na kati ya hiyo na WGS 84 kuna tofauti ya karibu mita 300, sanasana kaskazini-kusini. Mita 300 pale Mnemba zinatosha kabisa kukutoa kwenye maji ya bluu na kukuweka juu ya matumbawe.

Angalia pia kama hiyo ramani iliyomo ni ramani ya kweli au ile ya msingi tu inayokuja na mashine kutoka kiwandani. Ile ya msingi ina umbo la kisiwa la jumla jumla, ukiivuta karibu sana haiongezi taarifa yoyote, inakuza tu mstari ule ule mbovu, na wewe kwa vile skrini imejaa unadhani unaona undani. Ukiona pwani imenyooka kwa mistari kama imekatwa na mkasi ujue ndiyo hiyo. Tafuta kadi ya C-MAP au Navionics ya Afrika Mashariki kulingana na aina ya mashine yako. Itasaidia, ila hata hiyo haitakuwa msahafu.

Mashine nyingine zina setingi ya kuisogeza ramani kwa mkono mpaka boti ikae mahali pake. Mi sikushauri. Ukiisogeza ikae sawa Nungwi, itakuwa imeharibika Matemwe, maana kosa la ramani halifanani kila mahali.

Unachotakiwa kufanya ni kutengeneza treki zako mwenyewe, yaani mashine irekodi mstari wa njia uliyopita. Subiri siku ya maji mafu, jua liko juu na liko nyuma yako, maji ndiyo yanaanza kujaa (ukigusa mchanga yatakunyanyua, ukigusa yakiwa yanapwa utakaa hapo mpaka usiku), weka kijana omoni (mbele ya boti) mwenye miwani ya jua ya kukata mng'ao, washa kurekodi treki, ingia polepole kwenye njia unayoijua kwa macho. Ukishatoka iseivu, ipe rangi moja isiyofanana na rangi yoyote ya ramani. Hiyo treki imeandikwa na satelaiti zile zile zitakazokuongoza kesho, kwa hiyo ramani ikuchore uko kwenye mwamba, uko kwenye mnazi, uko msikitini, we fuata treki yako. Manahodha wa Nungwi wanaijua miamba kuliko ramani yoyote iliyowahi kuuzwa, tatizo ujuzi huo upo vichwani mwao tu na usiku kichwa hakioni.

Fundi habari. Rafiki yangu kanitumia pointi ya mwamba wa samaki kwa WhatsApp, kaandika 8 55 50 na 39 40 20. Nimeiweka kwenye GPS, nimefika, fishfainda (kipima kina cha kutafutia samaki) inaonyesha mchanga mtupu. Yeye anaapa pointi ni sahihi. – Mvuvi, Kilwa Masoko

Inawezekana nyote wawili mnasema kweli. Hizo namba zinasomeka kwa mitindo mitatu na yeye hajasema ni upi. Inaweza kuwa digrii 8, dakika 55, sekunde 50. Inaweza kuwa digrii 8 na dakika 55.50, yaani dakika hamsini na tano na nusu. Sekunde 50 ni zaidi ya theluthi mbili za dakika, nusu ni nusu, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini yaani mita 1,852, hiyo tofauti inakuwa mita 617. Mwamba wa samaki mara nyingi hauna upana hata wa mita 50, sasa unategemea nini zaidi ya mchanga? Na kama mashine yako iko kwenye mtindo wa digrii tupu na we ukaingiza 8.5550, hapo umekosea kwa maili kama 22, kilomita 41 hivi, na mafuta yako ndiyo hayo yameshaungua.

Namba ya mwisho ikizidi 59 basi hizo si sekunde, ni desimali, sababu sekunde haifiki 60. Ikiwa na tarakimu tatu pia ni desimali. Kwa hii yako ya 50 na 20 huwezi kujua kwa kuangalia tu, muulize afungue mashine yake apige picha ya skrini akutumie, picha haina ubishi. Wavuvi wengi siku hizi wanatumia digrii na dakika zenye desimali tatu, na mi nakushauri uweke hivyo hivyo uache.

Angalia na herufi pia. Sisi tuko S. Mashine nyingi ukiifuta kumbukumbu inarudi kwenye N yenyewe, na 8 55 ya N na 39 40 ya E ipo ndani kabisa Ethiopia, mashariki ya Addis Ababa. Ukiona mashine inakwambia umebakiza maili elfu moja na kitu usianze kuigonga, badilisha herufi.

Au rafiki yako kakupa pointi ya uongo. Wavuvi tunajuana.

Mambo fundi. Navuka sana Pangani kwenda Nungwi. Nikibonyeza GO TO mstari unatoka umenyooka vizuri, naelekeza omo kwenye mstari, baada ya saa moja nakuta nimesogea kaskazini na mstari umehama. Dira ya ndani ya mashine ni mbovu? – Wa Pangani

Poa sana kaka. Chatiplota nyingi hazina dira kabisa, labda uwe umenunua kifaa cha pembeni cha kusoma uelekeo ukakiunganisha. Yenyewe inajua ulikuwa wapi sekunde iliyopita na uko wapi sasa, kutoka hapo inapata unakoelekea. Ndiyo maana ukisimama kialama kinaanza kuzunguka ovyo kama kimelewa, hakuna mwendo wa kupima.

Kwa hiyo omo yako inaweza kuangalia Nungwi na boti yenyewe inakwenda pengine. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini karibu mwaka mzima na wakati wa kusi unapata nguvu zaidi, ongeza na upepo wenyewe unaokusukuma ubavuni. Tuseme unatembea noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, Pangani na Nungwi ni kama maili 26, hiyo ni zaidi ya saa tatu, na tuseme mkondo ni noti moja na nusu tu kwenda kaskazini, hapo ukifika umeshasukumwa karibu maili 5. GO TO haikwambii hilo kwa ukali, kila ukisogea watu wengine wanaibonyeza tena inachora mstari mpya kutoka ulipo, na we unaendelea kukunja omo kidogo kidogo, mwisho umetembea upinde mrefu na hatua za mwisho unapigana na mkondo uso kwa uso.

Kwenye skrini weka namba mbili kubwa zikae pamoja, BRG na COG. BRG ni upande ilipo pointi yako, COG ni upande boti inakokwenda kweli. Shika usukani mpaka hizo mbili zifanane, usijali omo inaangalia wapi, kwa safari yako wakati wa kusi itakuwa inaangalia kusini zaidi kidogo na hiyo ndiyo sawa. Kuna na namba ya XTE, inakwambia umetoka kwenye mstari kwa kiasi gani na upande gani, ikianza kukua rekebisha mapema.

Ila mi kilichonishtua kwenye barua yako si mkondo, ni GO TO yenyewe. Mstari ule ni rula tu, haujui kuna nini katikati. Kutoka Pangani kwenda Nungwi rula inapita pale pale Maziwe au ubavuni mwake, inategemea umebonyezea wapi. Na Maziwe ni mfano mzuri wa kutoamini rangi za ramani, maana mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wanapanda kutaga, leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa ya bamvua hulioni kabisa. Tengeneza njia ya pointi tatu nne, ya kwanza ikutoe nje ya mdomo wa mto, inayofuata ikupitishe mbali na Maziwe angalau nusu maili, nyingine ikufikishe nje ya mwamba wa Nungwi. Kisha ivute ramani karibu uitembeze njia yote kipande kwa kipande kwa kidole, sababu ukiwa umeitoa mbali miamba midogo mashine inaificha ili skrini isijae.

Inazima kila nikipiga stata, halafu inawaka yenyewe na kuanza kutafuta satelaiti upya. – Mafia

Stata inakula umeme wote, volti za betri zinashuka, skrini inakufa. Pima betri kwanza, yaweza kuwa imechoka. Ikiwa nzima, vuta waya wa chatiplota moja kwa moja kutoka kwenye betri na fyuzi yake karibu na betri (usome kitabu au kibandiko cha mashine inataka fyuzi ya ngapi), usiunganishe kwenye waya wa taa au pampu ya maji. Tumia waya mnene wenye nyuzi zilizopakwa bati, huu mwembamba wa spika chumvi inautafuna kwa ndani ganda likiwa bado zima na utahangaika mwezi mzima. Ukiweza weka betri ndogo ya pili na sola ndogo juu ya turubai, hasa kama injini yako haichaji betri vizuri.

GPS yangu ya zamani bado inanifikisha ninapokwenda lakini tarehe yake iko nyuma karibu miaka ishirini. – Tanga

Ni kawaida kwa za zamani. GPS inahesabu wiki mpaka 1,024 halafu inaanza sifuri, na iliruka hivyo Aprili 2019. Mashine ambazo programu yake haijasasishwa zinarudi nyuma miaka 19 na nusu hivi, nyingine ziliruka siku hiyo, nyingine baadaye. Mahali inasoma sawa. Ila ukurasa wa maji kujaa na kupwa usiufungue hata kwa bahati mbaya, unahesabu kwa tarehe hiyo ya uongo.

Bwana fundi, natumia ile njia ya Mkanda hapa Lamu. Kwenye skrini kuna sehemu zimepakwa kijani na namba zimepigiwa mstari chini, mfano 0.6. Ina maana kuna maji ya sentimita 60? Boti yangu inazama kama sentimita 70. – Lamu

La, bwana, na nashukuru umeuliza kabla hujaenda. Namba yenye mstari chini si kina. Inasema hapo mahali panakauka, na panasimama juu ya maji kwa mita 0.6 wakati bahari imepwa kabisa kufikia kile kiwango cha chini ambacho ramani inaanzia kuhesabu. Rangi ya kijani ndiyo maana yake hiyo, inafunikwa na kufunuliwa.

Hesabu yake rahisi. Fungua jedwali la maji, tuseme saa unayotaka kupita maji yatakuwa mita 2.4. Toa 0.6, unabaki na 1.8, boti yako ya 0.7 inapita na nafasi inabaki. Saa nyingine maji ni mita 1.1, toa 0.6 unabaki na nusu mita, hapo unakwaruza. Namba isiyo na mstari unafanya kinyume, unajumlisha. Jedwali la Kilindini, bandari ya Mombasa, ndilo wengi wanatumia, lakini kumbuka ni la Kilindini, kwenye mikono ya mikoko kama Mkanda maji hayafiki saa ile ile, waulize wazee wa hapo wanaokwenda na majahazi, hilo wanalo kichwani.

Na tafadhali kagua kipimo cha kina kiko kwenye nini. Mashine kutoka Marekani huwa zinakuja kwenye futi, nyingine mtu kaweka pima. Ukiona 5 ukadhani mita kumbe futi, ni mita moja na nusu. Pia fishfainda inapima kuanzia pale kidude chake kilipofungwa, na propela yako iko chini zaidi, kwa hiyo ingiza hiyo tofauti kwenye setingi.

Kwa nini ninunue chatiplota wakati simu yangu ina GPS na programu ya bure? – Kigamboni

Kwa Bongoyo na Mbudya mchana, simu yenye ramani uliyoipakua kabla hujatoka inatosha, sitakudanganya ili ununue mashine kwangu. GPS ya simu haihitaji bando wala mnara, na simu mpya zinasikiliza satelaiti za Wazungu wa Galileo, za Warusi na za Wachina pia. Shida zake utaziona mwenyewe: jua la saa saba huoni kitu kwenye skrini, ikipata joto inajizima, kidole chenye maji ya chumvi haikielewi, na ndiyo hiyo hiyo unayotegemea kupiga ukipata balaa. Kama unavuka usiku nunua ya kufunga, hata ndogo, na simu ibaki akiba ndani ya mfuko usioingiza maji.

Assalaam alaykum. Mi si mvuvi, mume wangu ndiye, anatoka usiku Mkondo wa Pemba. Amenunua hiyo chatiplota anasema sasa niache wasiwasi kwa sababu satelaiti zinamuona. Naweza kumuona na mimi kwenye simu? – Mama wa watoto watatu, Wete

Wa alaykum salaam dada yangu. Mwambie shemeji satelaiti hazimuoni. Ziko juu kilomita zaidi ya 20,000, zinatangaza tu, na mashine yake inasikiliza. Haitumi chochote kwa mtu yeyote. Akipinduka saa nane usiku chatiplota itajua kabisa alipo na hakuna mwingine atakayejua.

Vinavyotuma ni vitu vingine. AIS ya kutuma, kifaa kinachotangaza kwa redio boti ilipo, inawafikia meli na boti za karibu, pwani inategemea kama kuna antena ya kupokea. Redio ya VHF yenye kitufe chekundu, ikiunganishwa na hiyo chatiplota kwa nyaya mbili tatu na ikasajiliwa namba yake, ukikibonyeza inapeleka wito wa hatari pamoja na mahali alipo, na hii ndiyo ningeanza nayo mi, maana mashine ya kuipa namba ameshainunua. Kuna vifaa vya mkononi vinavyotuma alipo kwa satelaiti, hivyo kweli utamuona kwenye simu yako ukiwa kitandani, ila vinalipiwa kila mwezi. Na kuna kile cha dharura cha masafa ya megahezi 406, kinachopeleka wito kwa waokoaji kupitia satelaiti, hakilipiwi kila mwezi, unakiwasha siku ya balaa tu.

Mpaka apate kimojawapo, kabla hajatoka leo akuandikie kwenye daftari latitudo na longitudo za sehemu anayokwenda kutia nanga, rangi ya boti, wako wangapi, na saa ya kurudi. Mkubaliane kabisa ikipita saa ngapi unakwenda kwa mwenyekiti wa bandari na hilo daftari mkononi, usimsubiri mpaka alasiri kwa kuona haya.